Gari la Kujiundia na Bima Yake

Tuseme fundi wa jua kali hapa Mai Mahiu amechukua Volkswagen Beetle kuukuu, akalivua bodi, akalivisha jingine linalofanana na Ferrari. Je, anaweza kuliingiza barabarani?

Bila bima, hawezi. Sura ya 405 ya Sheria za Kenya inalazimisha bima ya kuwakinga watu wengine, ile tunayoiita "thadi pati". Kwa mtu mmoja aliyeumia au kufa, bima hiyo hulipa hadi shilingi milioni 3. Gari likimshinda breki kwenye mteremko wa kuingia hapa mjini, pesa hizo atazitoa wapi mwenyewe?

Taabu ni kwamba kampuni za bima husita. Logibuku yasema Volkswagen, macho yaona Ferrari! Basi afanyeje?

Kwanza, gari likaguliwe, na maelezo ya logibuku yabadilishwe kule NTSA. Pili, amwite mthamini. Bei ya soko haitamfaa, kwa kuwa sokoni hakuna mfano wake. Afadhali yeye na kampuni wakubaliane thamani mapema, iandikwe, naye atunze risiti na picha za kazi yote.

Tatu, aseme kweli tupu kwenye fomu. Bima husimama juu ya uaminifu. Ukificha injini uliyobadilisha, siku ya ajali kampuni yaweza kukataa kukulipa, na ada uliyotoa imekwenda na maji.

Vijana wenzangu, tuunde magari, lakini tusisahau: njia ya mwongo ni fupi.