Kitabu cha Mashine Kiandikwe kwa Programu Ipi?

Chukulia kwamba uko Itigi, mkoani Singida, kwenye Reli ya Kati. Pampu ya kisima imekwama. Fundi amekwishaifungua, vyuma vimetandazwa juu ya gunia, na akina mama wanasubiri na ndoo zao. Anafungua kitabu cha maelekezo, nacho kinamwambia atazame mchoro wa 7. Anautazama: ni mchoro wa kitu kingine kabisa.

Kosa la namna hiyo mara nyingi halianzi kisimani. Huanza mezani, siku mwandishi alipochagua programu ya kompyuta ya kuandalia kitabu. Maana kitabu cha mashine hakiishi kuandikwa. Kifaa kimoja kikibadilishwa, mchoro huongezwa katikati, na namba zote zinazofuata husogea. Zilizopigwa kwa mkono hubaki zilivyokuwa.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe kama kurasa zitapendeza. Tuulize: nikiongeza mchoro, namba zitajirekebisha zenyewe? Word inaweza, mradi mwandishi aiachie kazi hiyo badala ya kupiga namba mwenyewe. FrameMaker, ambayo kampuni ya Adobe iliipata mwaka 1995, ilikusudiwa hasa vitabu virefu vya namna hii, lakini hulipiwa. LaTeX ni ya bure na hupanga namba vizuri, ila inadai mwandishi ajifunze amri zake.

Swali la pili: onyo moja limeandikwa mahali pangapi? Katika utaratibu uitwao DITA, uliokubaliwa kuwa kiwango mwaka 2005, onyo huandikwa mara moja tu na kutumika katika vitabu vyote. Ukilisahihisha hapo, umelisahihisha kote. Kwa mwenye mashine za aina nyingi, huo ni wokovu. Kwa karakana yenye kitabu kimoja, ni mzigo bure.

Swali la tatu ndilo husahauliwa: faili litafunguka baada ya miaka 20? PageMaker ilitamba tangu mwaka 1985. Leo matoleo mapya ya InDesign, iliyochukua nafasi yake, hayafungui kazi zake. Pampu huweza kuishi kuliko programu. Ndiyo maana inafaa kuhifadhi nakala katika mpangilio ulio wazi kwa wote, kama ule wa OpenDocument, uliopitishwa kimataifa mwaka 2006. LibreOffice huutumia, nayo ni ya bure. Na kwa lugha tusiogope: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, iliyozungumza Kiswahili.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kabla ya kununua, andika sura moja, ongeza mchoro katikati, uchape. Kisha mpe fundi aisome, spana ikiwa mkononi. Jibu lake litakufaa kuliko maneno ya muuzaji.