Mkalimani wa Printa

Mvua za masika katika Wilaya ya Kyela hazinyeshi kwa masihara. Mawingu yatokayo Ziwa Nyasa hugota kwenye milima ya Livingstone na kurudi chini yakiwa maji, na barabara ya kutoka Matema kwenda Ipinda ikapitika kwa taabu. Ni katika majira hayo, Jumamosi moja alasiri ya mwezi wa Aprili, nilipojikuta mbele ya meza ya mwalimu wa taaluma wa shule moja ya sekondari ya ufukweni, nikitazama printa iliyokuwa ikitema karatasi zenye maandishi yasiyosomeka. Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ulikuwa uanze Jumatatu asubuhi.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini mtihani huo usipelekwe kwenye duka la steshenari mjini. Walimu watamjibu bila kusita. Faili likishaingia katika kompyuta ya duka halina mlinzi tena, na mwaka uliotangulia maswali ya shule hiyo yalikuwa mikononi mwa wanafunzi kabla ya walimu wenyewe kuyachukua.

Kompyuta za shule zilikuwa kuukuu lakini nzima. Kwa kuwa hazikuweza kubeba Windows mpya, walimu waliweka Linux, mfumo endeshi wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipokoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10, shule nyingi zaidi zimejikuta katika njia panda hiyo hiyo. Kuandika katika Linux si tatizo. Tangu mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kushiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyosema Kiswahili. Tatizo huanza pale maandishi yanapotakiwa kwenye karatasi.

Aghalabu watu hudhani kwamba kompyuta humkabidhi printa ukurasa kama tarishi akabidhivyo barua. Sivyo. Kila printa ina lugha yake. Baadhi husema PostScript, lugha ya kampuni ya Adobe iliyotoka mwaka 1984. Baadhi husema PCL ya Hewlett-Packard. Na nyingi za bei nafuu husema lugha isiyojulikana nje ya kiwanda zilimotengenezwa. Mngonde wa Karonga akivuka mto Songwe kununua mchele Kyela hahitaji mkalimani, maana Kingonde na Kinyakyusa ni ndugu. Kati ya kompyuta na printa hakuna undugu wa namna hiyo. Sharti awepo mkalimani, naye ni programu ndogo iitwayo kiendeshi.

Katika Linux kazi hii husimamiwa na CUPS, mfumo ulioanzishwa na Michael Sweet na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1999. CUPS hupokea ukurasa, kwa kawaida katika umbo la PDF, huupanga foleni, hutumia kiendeshi kuutafsiri, kisha huupeleka kwa waya au kwa mtandao.

Niliokota karatasi moja sakafuni. Mstari wake wa juu ulianza na alama %!PS, na hapo ugonjwa ukajitaja wenyewe: hizo ni alama za kwanza za waraka wa PostScript. Printa ya shule ilijua PCL tu, ilhali aliyeiunganisha aliichagulia kiendeshi cha PostScript. Basi ikachapa maagizo badala ya kuyatii, mfano wa karani aliyeambiwa apige mstari chini ya jina, naye akayaandika maneno hayo hayo. Nilifungua kivinjari, nikaandika localhost:631, ambako CUPS huonyesha mambo yake yote, nikabadili kiendeshi. Ukurasa wa majaribio ukatoka safi. Kazi ya dakika tano, lakini nusu rimu ilikwisha kupotea. (Nakiri kwamba ng'ambo nilikosomea shahada ya uzamivu kila ghorofa ilikuwa na fundi wake, haya nilijifunza nyumbani, kwa shida.)

Ikabaki skana, maana swali la Jiografia lilikuwa na ramani. Skana katika Linux hutegemea mfumo uitwao SANE. Niliandika amri scanimage -L, nikajibiwa kwamba hakuna skana. Nilipoiandika tena kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, skana ikaonekana. Kwa hiyo chombo kilikuwa kizima na mkalimani alikuwapo. Kilichokosekana ni ruhusa. Mwalimu akaandikishwa katika kundi la watumiaji wa skana, akatoka na kuingia upya, ramani ikapatikana.

Wanafunzi wapendao historia wajue kwamba printa ndiyo iliyochochea mambo haya yote. Yapata mwaka 1980, Richard Stallman wa chuo cha MIT huko Marekani alitaka kurekebisha programu ya printa ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi, akanyimwa msimbo wake. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, ambao sehemu zake, pamoja na kiini alichoanza kukitoa Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ndizo tunazoziita Linux.

Siku hizi printa nyingi mpya husema lugha ya pamoja iitwayo IPP, nazo hazidai kiendeshi cha pekee, kama vile wauza vyungu wa Kikisi na wanunuzi wao wanavyokutana kwa Kiswahili katika soko la Lyulilo. Mkuu wa shule anayenunua printa na aulize hilo kwanza, kabla ya bei. Kifaa chenye alama ya AirPrint, iliyoanza mwaka 2010, kwa kawaida huelewana na Linux bila ugomvi.

Jumapili tulianza kuchapa, na printa ikavuta karatasi mbili mbili. Mwalimu alinitazama kwa mashaka, akidhani Linux imeasi tena. Safari hii programu haikuwa na hatia. Karatasi zilizolala nje ya bahasha yake katika hewa ya ziwani hunywa unyevu, hujikunja na kushikana. Tulifungua rimu mpya, tukaiacha ndani ya bahasha yake na kutoa karatasi hamsini hamsini. Nakala ya mwisho ilitoka saa nne usiku, nazo zote zikafungiwa katika kabati la mkuu wa shule.