Biashara ya Axie: Wafugaji Walikuwa Wengi, Mlaji Hakuwapo

Na Mwandishi Wetu wa Masoko

BIASHARA ya kufuga wanyama wasiokula majani wala pumba, wanaoishi ndani ya simu, iliwahi kuwapa watu wa Ufilipino kipato kilichozidi mshahara wa kiwandani. Hiyo ilikuwa katikati ya mwaka 2021. Haikufika hata Pasaka ya mwaka uliofuata, wafugaji hao hao walikuwa wakiuza mifugo yao kwa bei ya kutupa, na waliokopa ili kuingia walibaki na deni na picha za wanyama.

Ukurasa huu unaitazama biashara hiyo kwa hesabu, wala si kwa lawama. Sababu ni moja: michezo ya namna hii, inayoahidi malipo kwa kucheza, imeendelea kuzinduliwa kwa majina mapya, na haitashangaza msomaji akiombwa mtaji na mpwa wake mwenyewe. Ni vema ajue aulize nini.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo unaitwa Axie Infinity. Umetengenezwa na kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam, iliyoanzishwa mwaka 2018. Mchezaji anakuwa na kikosi cha wanyama watatu, kila mmoja akiitwa Axie, na anawapambanisha na wanyama wa wachezaji wengine. Akishinda, anapata tuzo.

Tofauti na michezo mingine ya kompyuta ni umiliki. Kila Axie ameandikwa katika daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi, liitwalo blokucheni. Anayeandikwa humo ndiye mwenye mali, na anaweza kuiuza kwa yeyote. Wazo hilo halikuwa geni. Mwaka 2017 mchezo wa CryptoKitties, wa kufuga paka, ulivuta watu wengi kiasi cha kuusonga mtandao wa Ethereum.

Axie Infinity ilikuwa na sarafu zake mbili za kidijitali. Ya kwanza, SLP, ndiyo iliyolipwa kwa mchezaji kila aliposhinda, nayo haikuwekewa kikomo cha kutolewa. Ya pili, AXS, iliwekewa kikomo cha sarafu milioni 270, na mwenye nayo aliahidiwa sauti katika kuamua mambo ya mchezo.

Axie wawili wakipandishwa huzaa Axie mpya. Mzazi mmoja haruhusiwi kuzaa zaidi ya mara saba, na kila uzazi hulipiwa kwa SLP na AXS. SLP zinazolipwa huko huchomwa, yaani hufutwa kabisa. Hapo ndipo penye roho ya biashara nzima: SLP zilizaliwa kwa ushindi, zikafa kwa uzazi. Msomaji alikumbuke hilo, kwa maana tutalirudia.

MTAJI WA TAJIRI, MUDA WA MCHEZAJI

Wakati wa janga la korona, Wafilipino wengi walikuwa majumbani bila kazi. Mjini Cabanatuan, kaskazini ya Manila, waliokuwa madereva wa pikipiki za abiria na hata wazee wenye viduka waliingia katika mchezo huu kutafuta riziki. Filamu fupi ya Mei 2021 iliyowaonyesha watu hao ilisambaa duniani, na wengine wakafuata.

Katika kilele cha mwaka huo, kikosi cha wanyama watatu kilifika mamia ya dola, na wakati fulani kilipita dola 1,000. Mtu asiye na kazi angepata wapi fedha hizo? Ndipo ukazuka mtindo wa kukodisha. Mwenye mtaji alinunua wanyama akampa mtu mwingine awachezeshe, kisha wakagawana mapato. Mchezaji aliitwa mwanafunzi wa ufadhili, na mwenye mtaji aliitwa meneja. Ni mpango ule ule wa mwenye pikipiki na dereva wake, ila hapa hesabu ilifanywa kwa sarafu ya SLP badala ya fedha taslimu.

Vyama vikubwa viliundwa kwa kazi hiyo. Kilichovuma zaidi ni Yield Guild Games, kilichoanzishwa na Mfilipino Gabby Dizon na wenzake. Mgawo wake uliojulikana ulikuwa asilimia 70 kwa mchezaji, 20 kwa msimamizi wake, na 10 kwa chama.

Kufikia Agosti 2021 wachezaji wa kila siku walikuwa wamepita milioni moja, na mauzo ya jumla ya Axie yalikuwa yamevuka dola bilioni moja. Mwezi huo huo Wizara ya Fedha ya Ufilipino ilitamka kwamba mapato hayo yanastahili kutozwa kodi. Oktoba wawekezaji wa Marekani wakiongozwa na Andreessen Horowitz waliweka dola milioni 152 katika Sky Mavis, kwa makadirio yaliyoithamini kampuni kwa karibu dola bilioni 3.

HESABU YA MENEJA

Tuchukue mfano wa kufanyia hesabu. Meneja amenunua kikosi kwa dola 900. Mchezaji wake anapata SLP 120 kwa siku, na wamekubaliana mchezaji achukue asilimia 60, meneja 40.

Julai 2021 bei ya SLP moja ilikaribia senti 40 za dola. Tuwe waangalifu tuseme senti 30. Pato la siku ni dola 36. Mchezaji anaondoka na dola 21.60. Wakati huo kima cha chini cha mshahara jijini Manila kilikuwa peso 537 kwa siku, karibu dola 11, hivyo mchezaji anapata mara mbili ya kibarua. Meneja anabaki na dola 14.40, na mtaji wake unarudi kwa siku 63. Ni biashara gani nyingine inayorudisha mtaji kwa miezi miwili?

Sasa tushushe bei hadi senti 10. Meneja anapata dola 4.80 kwa siku, na anasubiri siku 188. Bado si mbaya. Kabla ya mwaka 2021 kwisha, bei ilikuwa imeshapita hapo ikienda chini.

Mwishoni mwa Januari 2022 SLP ilikuwa karibu senti moja. Kwa bei hiyo pato la siku ni dola 1.20. Mchezaji anachukua senti 72, ambazo ni chini ya kumi na moja ya mshahara wa kibarua tuliyemtaja. Meneja anapata senti 48, na mtaji wake utarudi baada ya siku 1,875, yaani zaidi ya miaka mitano. Na hapo tumedhani kwamba wanyama wenyewe wamebaki na bei waliyonunuliwa, jambo ambalo halikuwa kweli. Nao waliporomoka.

Msomaji aone kwamba mchezaji hakuzembea. Alicheza saa zile zile na kushinda mapambano yale yale. Kilichopotea ni bei.

KWA NINI BEI ILISHUKA

Mnunuzi wa SLP alikuwa nani? Alikuwa mtu aliyetaka kuzalisha Axie. Alizalisha wa nini? Wa kumuuzia mchezaji mpya anayeingia. Mchezaji mpya naye aliingia ili apate SLP za kuuza. Maana yake ni kwamba mshahara wa mchezaji wa jana ulitoka katika mtaji wa mchezaji wa leo. Aliyelipa kwa kupenda mchezo wenyewe, kama mtu anavyolipa kiingilio cha mpira akarudi nyumbani ameridhika, alikuwa nadra.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanalijua jambo hili kwa jina jingine. Mwaka 2013 na 2014 Wakenya wengi walikimbilia kufuga kware. Mayai yalipanda bei ajabu, kwa kuwa kila mtu aliyanunua ili atotoleshe, awauzie wafugaji wapya. Siku wafugaji wapya walipokwisha ilionekana kwamba walaji wa kware ni wachache mno, na bei ikaanguka. Lakini kware akikosa soko angalau anakaangwa. Axie hakaangwi.

Tena, hesabu ya uzazi haina huruma. Kila kikosi kipya kiliongeza SLP sokoni kila siku, kwa muda wote kilipochezwa. Lakini uzalishaji, ambao ndio pekee uliofuta SLP kwa wingi, ulitegemea wageni kuongezeka. Ili bei isimame ilitakiwa wageni wa mwezi huu wawe wengi kuliko wa mwezi uliopita, na wa mwezi ujao wawe wengi zaidi. Hakuna soko duniani linaloweza kuahidi hivyo.

Sky Mavis yenyewe ililikiri tatizo. Februari 2022 ilitangaza kwamba bila hatua kali uchumi wa mchezo ungeweza kuanguka moja kwa moja, ikafuta malipo ya SLP katika sehemu ya mchezo wa mtu peke yake na katika kazi za kila siku. Kwa meneja ilikuwa dawa ya kupunguza mfumuko. Kwa mchezaji aliyetegemea malipo hayo kununua mchele, ilikuwa kukatwa mshahara bila kikao.

DAFTARI LIPO, MALI IMEKWENDA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Safari hii daftari lilikuwapo, na bado mali ilipotea bila habari.

Ili kupunguza gharama, Sky Mavis ilikuwa na mtandao wake uitwao Ronin, ulioungana na Ethereum kwa daraja la kupitisha fedha. Fedha zilitoka kwa idhini ya wathibitishaji watano kati ya tisa. Wanne kati ya tisa hao walikuwa chini ya Sky Mavis yenyewe. Tarehe 23 Machi 2022 wezi walipata funguo tano, wakachukua ether 173,600 na dola za kidijitali milioni 25.5. Jumla ilizidi dola milioni 600. Wizi huo uligunduliwa tarehe 29 Machi, siku sita baadaye, baada ya mteja mmoja kushindwa kutoa fedha zake. Mwezi uliofuata FBI ya Marekani ilitangaza kwamba wahusika ni kundi la Lazarus la Korea Kaskazini.

Kampuni ilikusanya dola milioni 150 kutoka kwa wawekezaji wakiongozwa na Binance, na daraja likafunguliwa tena tarehe 28 Juni 2022. Lakini imani ya soko haikurudi kwa urahisi huo. Kabla ya mwaka huo kwisha SLP ilikuwa chini ya nusu senti.

AXS nayo, iliyofika karibu dola 165 Novemba 2021, ilikuwa chini ya dola 10. Hapa pana somo kwa mnunuzi mdogo. Ukizidisha bei ya kilele kwa sarafu zote milioni 270 unapata zaidi ya dola bilioni 44. Lakini wakati huo sarafu zilizokuwa mikononi mwa watu ni chini ya theluthi moja. Nyingine zilikuwa zimefungwa, zikisubiri zamu ya kuingia sokoni. Aliyenunua kileleni alinunua huku ghala likiwa limejaa mlango wa nyuma.

MASWALI MANNE KABLA YA KUTOA FEDHA

Moja: nani ananunua kitu hiki ili akitumie, si ili akiuze? Ukikosa jibu, wewe unaweza kuwa mnunuzi wa mwisho.

Pili: sarafu ngapi zinatolewa kwa siku, na ngapi zinafutwa? Takwimu hizo mara nyingi ziko wazi kwa anayezitafuta. Zinazotolewa zikizidi zinazofutwa mwezi hadi mwezi, bei ya leo ni ya kupita tu.

Tatu: sarafu ngapi zimefungwa, ni za nani, na zitafunguliwa lini?

Nne: nani ameshika funguo? Wakiwa wachache, tena wa nyumba moja, daftari la pamoja ni la pamoja kwa jina tu.

Kwa msomaji wa Tanzania, akumbuke pia kwamba Benki Kuu ilitoa tahadhari kuhusu sarafu hizi Novemba 2019, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Asijidanganye kwamba akipoteza atafidiwa, au akipata hatatozwa.

Hatusemi kwamba mchezo hauwezi kuwa biashara. Watu hulipia burudani tangu zamani, na wataendelea kulipia. Lakini biashara ya burudani hula fedha ya mtazamaji anayeondoka akicheka. Ukiona ukumbi ambao kila mtu ndani yake ni mchezaji anayesubiri kulipwa, na hakuna hata mmoja aliyekata tiketi, usiweke fedha yako humo kabla hujajua nani atawalipa.