Je, Wajua? Duka Lako Ndani ya Simu ya Mteja

Je, wajua kwamba Google huisoma tovuti yako jinsi inavyoonekana kwenye simu, wala si kwenye kompyuta? Mpango huo ulitangazwa Novemba 2016. Tangu Julai 2019 tovuti zote mpya husomwa hivyo, na zile za mwisho zilihamishiwa huko Julai 2024. Bei uliyoiondoa kwenye toleo la simu ili ukurasa uwe mfupi, Google haiioni.

Mwaka wa kukumbukwa ni 2015. Aprili 21 Google ilianza kuzipa nafasi ya juu, kwa anayetafuta kwa simu, kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu. Mwezi uliofuata ikatangaza kwamba katika nchi 10, zikiwemo Marekani na Japani, utafutaji wa kwenye simu umeupita wa kwenye kompyuta.

Je, wajua kwamba saa za Kiswahili zinaweza kukufungia duka? Hili nalisisitiza kwa sababu ni kosa rahisi kulifanya. Mwenye duka Kariakoo anafungua saa 3 asubuhi na kufunga saa 12 jioni. Akijaza 3:00 AM hadi 12:00 PM kwenye wasifu wa biashara yake wa Google, Google inaelewa kuwa anafungua saa tisa usiku na kufunga saa sita mchana. Anayetafuta vipuri saa nane mchana anaambiwa duka limefungwa, naye anakwenda kwa jirani. Muuzaji yuko kaunta, bidhaa zipo, na hatajua kamwe kwa nini mteja hakuja. Saa sahihi za kujaza ni 9:00 AM hadi 6:00 PM. Kwenye ukurasa wako wa Kiswahili, andika “saa 3 asubuhi” kwa maneno, usiache tarakimu peke yake. Kwenye wasifu huo pia kuna sehemu ya saa maalumu kwa ajili ya sikukuu. Mwenye mgahawa Zanzibar anayebadilisha ratiba mwezi wa Ramadhani aitumie.

Namba ya simu iliyo ndani ya picha ya bango haibonyezeki. Aliyesimama kwenye daladala hatahangaika kuikariri. Iandikwe kama maandishi, ikitanguliwa na +255 au +254, na aliyekutengenezea tovuti aiunganishe na “tel:” ili mguso mmoja uanze kupiga. Kwa kiungo cha wa.me cha WhatsApp ni tofauti kidogo: anza na 255 au 254 bila alama ya kujumlisha, na sifuri ya mwanzo iondolewe.

Je, wajua kwamba nafasi ya juu katika orodha ya biashara za karibu haiuzwi? Google yenyewe hutaja vigezo vitatu: biashara inavyolingana na kinachotafutwa, umbali, na umaarufu, ambao maoni ya wateja huuchangia. Matangazo ya kulipia yapo, lakini huwekewa alama ya tangazo. Anayekuomba pesa kwa ahadi ya kukuweka wa kwanza katika orodha hiyo anakuuzia kitu asichokuwa nacho. Usimpe hata shilingi.

Utafiti wa Google wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya ziara za kwenye simu hukatizwa ukurasa ukichelewa kupita sekunde 3. Mzigo mkubwa mara nyingi ni picha. Moja iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu inaweza kufika MB 3; kumi ni MB 30, na bando linaloisha ni la mteja. Punguza upana hadi pikseli 1,080 hivi, kisha hifadhi kwa WebP, muundo wa Google wa mwaka 2010. Kwa ubora uleule, picha huwa nyepesi kuliko JPEG kwa karibu robo hadi theluthi.

Dirisha la tangazo linaloziba ukurasa mara tu mtu anapotoka kwenye Google limekuwa likiweza kuushusha ukurasa huo katika matokeo ya utafutaji tangu Januari 2017.

Je, wajua kwamba tangu 2017 mtu anaweza kutafuta kwenye Google kwa kutamka Kiswahili? Atasema “fundi friji Mbagala” au “saluni ya kiume Sinza”. Ukurasa uliojaa “huduma bora za kisasa” bila kutaja friji wala Mbagala hauna cha kumjibu. Taja kazi, mtaa, kituo cha basi kilicho karibu.

Kitufe kinachofaa kidole kina upana na kimo cha pikseli 48. Herufi zilizo chini ya pikseli 16 kwenye kisanduku cha kujaza huifanya iPhone iukuze ukurasa wote, na mteja anapotea katikati ya oda.

Kupima ni bure: weka anwani ya tovuti kwenye PageSpeed Insights, nayo itakupa kwanza alama za simu. Kuanzia 90 ni nzuri, chini ya 50 ni mbaya. Usipime ukurasa wa mbele tu. Pima na ule wenye bei.