Njia ya Kando ya Mto Chicago: Mkopo, Mapato na Thamani ya Njia Isiyokatika

Katikati ya Chicago ardhi ni ghali, na kila mita ya mraba hutafutiwa mpangaji. Hata hivyo, kwa miongo mingi ukingo wa kusini wa mto unaopita katikati ya jiji hilo ulikaa bila faida ya maana. Juu barabarani kulikuwa na mabenki, ofisi za mawakili na hoteli. Chini, kwenye usawa wa maji, kulikuwa na gati chakavu lililokatikakatika. Leo ukingo huohuo una mikahawa, boti za utalii, kayaki za kukodi na watu wanaokula chakula cha mchana huku wametazama maji. Kilicholeta mabadiliko hayo ni njia ya miguu yenye urefu wa takriban kilomita 2, kutoka Lake Shore Drive hadi mtaa wa Lake, iliyofika mwisho wake wa sasa mwezi Oktoba 2016.

Jiji lilijenga kwa fedha za kukopa, na lilikopa likitegemea kwamba mto wenyewe utalipa deni. Kwa sababu hiyo mradi huu unafaa kutazamwa kama biashara, si kama bustani tu.

Biashara si jambo jipya kwenye Mto Chicago. Katika miaka ya 1780, Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi anayetambuliwa kuwa mwanzilishi wa jiji hilo, aliweka makazi na kituo chake cha biashara karibu na mlango wa mto. Karne iliyofuata ilileta meli za nafaka na mbao, na kwenye ukingo wa kusini likakua soko la jumla la matunda na mboga la South Water Street. Mto ukawa mahali pa kazi na pa kumwagia uchafu. Mwaka 1900 wahandisi waliugeuza mkondo wake ili maji machafu yaache kuingia Ziwa Michigan, ambako wakazi walipata maji ya kunywa. Tarehe 24 Julai 1915 meli ya abiria Eastland ilipinduka ikiwa bado imefungwa gatini, kati ya mtaa wa Clark na LaSalle, wakafa watu 844. Anayepita leo kwenye njia hiyo anapita mahali palepale.

Mpango wa jiji wa mwaka 1909, uliotungwa na Daniel Burnham na Edward Bennett, ulitaka ukingo huo usafishwe na kupambwa. Soko liliondolewa, na mwaka 1926 ikafunguliwa barabara ya Wacker yenye ghorofa mbili: ya juu kwa magari ya kawaida, ya chini kwa malori ya mizigo. Barabara ilipendeza, lakini iliuweka mto mbali na watu. Mwenye kutembea alibaki juu, kwenye ukuta wa mawe, akiyatazama maji asiyoweza kuyafikia.

Hata walioshuka hawakufika mbali. Mto huo umevukwa na madaraja yanayoinuka kupisha vyombo, na kila daraja lilikata gati. Ukitaka kutoka mtaa mmoja hadi mwingine ulipanda ngazi, ukasubiri taa, ukavuka barabara, ukashuka tena. Mwenye kiti cha magurudumu au mtoto kwenye kigari hakuwa na la kufanya. Mfanyabiashara naye hakuona sababu ya kufungua mkahawa mahali ambapo hakuna apitaye.

Suluhisho lilikuwa kupitisha njia chini ya madaraja. Mwaka 2005 jiji lilifungua uwanja wa kumbukumbu ya wapiganaji wa vita vya Vietnam ukingoni hapo, na kufikia 2009 vipande vya upande wa mashariki vilikuwa vimeanza kuunganishwa. Kazi kubwa ilibaki kwenye mitaa sita kati ya State na Lake, yaani vipande sita vya ukingo kati ya daraja na daraja. Hapo hapakuwa na nchi kavu ya kutosha. Ilibidi kujenga juu ya mto wenyewe. Kwa kuwa mto huo ni njia ya meli iliyo chini ya sheria za shirikisho, jiji lilihitaji kibali cha serikali kuu kuupunguza upana. Wasanifu wa Ross Barney Architects na Sasaki waliruhusiwa kusogea takriban mita 7.6 tu ndani ya maji, na mita 6 hivi chini ya madaraja.

Ndani ya upana huo mdogo kila mtaa ulipewa kazi yake. Mwaka 2015 ilifunguliwa mitaa mitatu ya kwanza: mmoja wa mikahawa inayotazama boti, mmoja wa kayaki, na wa tatu, kati ya Clark na LaSalle, ni ngazi pana zinazoshuka kutoka barabarani hadi majini. Mwaka uliofuata ikafuata mingine mitatu, yenye chemchemi ya watoto, bustani za mimea zinazoelea na majukwaa ya kuvulia samaki, na mahali pa wazi pa kupumzika.

Ngazi hizo za mtaa wa tatu zinastahili kutazamwa kwa karibu. Katikati ya vidato vyake imepitishwa njia ya mteremko inayokwenda mshazari, inapinda na kurudi, mpaka inafika chini. Anayesukuma kiti cha magurudumu anapita katikati ya watu walioketi, chini ya miti ileile, bila kuzungushwa nyuma ya jengo. Kwa biashara zilizo chini, ngazi hizo ndizo mlango: anayepita barabarani anauona mto, anashuka, na akishashuka ni mteja.

Sasa fedha. Mitaa hiyo sita iligharimu takriban dola milioni 100. Sehemu kubwa ilitoka kwenye mkopo wa Wizara ya Usafirishaji ya Marekani wa karibu dola milioni 99, kutoka kwenye mfuko uleule unaokopesha miradi ya barabara kuu na reli. Ni mkopo wa muda mrefu, na marejesho yake yalipangwa kutoka kwenye mapato ya mto: kodi za wapangaji, ada za boti zinazotia gati, na matangazo. Msingi wake ni wa haki. Anayenufaika na ukingo ndiye anayeulipia, na mkazi wa kitongoji cha mbali asiyefika mtoni habebeshwi mzigo kupitia kodi ya majengo.

Miongoni mwa walipaji ni boti za utalii. Chicago inajivunia majengo yake, na mahali pazuri pa kuyaonea ni majini. Safari za kutazama usanifu, zinazoongozwa na wafanyakazi wa kujitolea waliofunzwa na kituo cha usanifu cha jiji, huchukua dakika 90 na ni miongoni mwa shughuli za utalii zinazojulikana sana huko. Abiria anayesubiri boti ananunua kahawa. Anayeshuka ana njaa. Mwenye mkahawa na mwenye boti wanategemeana.

Walio juu barabarani nao wanavuna, ingawa hawamo kwenye hesabu za mkopo. Apple ilifungua duka lake mwaka 2017 kwenye ukingo wa kaskazini, likiwa na ngazi zinazoshuka hadi kwenye maji. Maghorofa mapya yaliyojengwa kando ya mto tangu wakati huo yanautumia mto kuvutia wapangaji wa ofisi. Faida hii kubwa inaingia mifukoni mwa watu binafsi, nayo inaleta swali la haki: mwenye ghorofa anarudisha nini?

Chicago ina jibu, na pengine ndilo somo lake bora zaidi. Tangu mwaka 1999 kanuni zake zinamtaka anayejenga upya kando ya mto aache wazi takriban mita 9 kutoka ukingoni. Mnara wa 110 North Wacker, uliokamilika 2020, umekatwa sehemu yake ya chini ili umma upite kati ya nguzo zake na maji. Kwa utaratibu huu njia inarefuka kipande kwa kipande kwa gharama ya wajenzi binafsi, hata pale jiji lisipokopa senti. Udhaifu wake ni kwamba kipande kinasubiri mjenzi. Kiwanja kisipojengwa upya, njia inakatika, na tunarudi kwenye shida ileile ya madaraja.

Hatari nyingine ni mbili. Ya kwanza ni baridi. Njia iko wazi mwaka mzima, lakini biashara nyingi huuza kuanzia Mei hadi Oktoba, na deni halina majira. Mpangaji mdogo lazima apate katika miezi sita kodi, mishahara na faida ya mwaka mzima. Msimu mmoja mbaya unaweza kumwondoa. Ya pili ni mafuriko. Mei 2020 mvua kubwa ziliupandisha mto mpaka ukaifunika njia. Wabunifu walijua maji yangepanda, wakachagua saruji, mawe na chuma vinavyoweza kuoshwa, lakini usafi na matengenezo ni gharama ambayo haipungui.

Juu ya yote kuna maji yenyewe. Hakuna anayelipia chakula kizuri kando ya mtaro wa maji taka. Chicago ilianza mwaka 1975 kuchimba mahandaki makubwa ya kuhifadhi maji ya mvua na maji machafu ili yasifurike mtoni, na baadaye ikaanza kuua vijidudu kwenye maji yaliyosafishwa kabla ya kuyaachia. Septemba 2025 waogeleaji waliingia mtoni katikati ya jiji katika shindano rasmi, la kwanza tangu miaka ya 1920. Mabilioni yaliyozikwa kwenye mahandaki ndiyo yaliyoupa ukingo thamani. Njia ilikuja kuivuna.

Kwa halmashauri yoyote yenye mto unaopita katikati ya mji, ushauri wangu ni huu. Safisheni maji kwanza. Kisha unganisheni njia kabla ya kugawa vibanda, kwa sababu mpita njia ndiye mtaji, naye hupotea pale njia inapokatika. Andikeni sheria ya ukingo mapema, kabla bei ya viwanja haijapanda na wenye nguvu hawajajenga hadi majini. Na mkikopa, lipeni kwa mapato ya mto, lakini msije mkauza nafasi ya kukaa bure ili mlipe deni. Siku mwananchi asiye na pesa atakapokosa pa kuketi kando ya mto wake, mradi utakuwa umeshindwa, hata kama vitabu vya hesabu vinaonyesha faida.