KASI HUANZIA KATIKA GARI LA POLEPOLE

Wenyeji wa Sikuda na Tororo wanaifahamu vema historia ya bodaboda. Kazi hiyo ilianza kwa baiskeli huko mpakani Busia katika miaka ya 1960, na pikipiki zikaenea katika miaka ya 1990. Aliyekwisha kuumudu mzigo juu ya baiskeli hakuionea pikipiki ugeni mkubwa. Kanuni hiyo ndiyo iwafaayo vijana wanaojifunza mashindano ya magari ya kuigiza katika kompyuta.

Mafunzo ya kuigiza si jambo geni jeshini. Mwaka 1929, Mmarekani Edwin Link alibuni mashine ya kufundishia urubani pasipo kuondoka ardhini, na maelfu ya marubani wa Vita Kuu ya Pili waliitumia. Katika magari, Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda shindano la mchezo wa Gran Turismo mwaka 2011, akawa dereva wa kweli, na mwaka 2013 akashiriki mbio za saa 24 za Le Mans.

Kosa la wanafunzi wengi ni kuchagua gari lenye nguvu kuliko yote. Gari liendalo kilomita 200 kwa saa hupita takribani mita 56 kila sekunde. Liendalo 100 hupita mita 28. Tena, kasi ikiongezeka maradufu, umbali wa kusimama kwa breki huwa karibu mara nne. Mwanafunzi hukosa nafasi ya kutambua alipokosea.

Gari dogo humpa nafasi hiyo. Zaidi ya hayo, halifichi kosa. Injini yenye nguvu hurudisha upesi mwendo uliopotea kwenye kona. Injini dhaifu huudai mwendo huo mpaka mwisho wa barabara iliyonyooka, na saa huonyesha hasara yote.

Inafaa kuchagua gari moja na njia moja. Breki ikanyagwe gari likiwa limenyooka, iachiliwe taratibu kadiri usukani unavyogeuzwa, kisha mafuta yaongezwe usukani unaporudi. Mwanafunzi akimaliza mizunguko 10 mfululizo bila kutoka njiani, na nyakati zikitofautiana kwa sekunde 1 tu au pungufu, ahamie gari la nguvu kidogo zaidi.

Wazazi nao wanalo jukumu. Kiti cha nyumbani hakimwonyeshi kijana jinsi gari linavyoteleza kwenye tope, wala mtoto anayekatiza barabara ghafla. Ushindi wa kwenye kioo si leseni. Katika mchezo, gari lililopinduka hurudishwa kwa kubonyeza kitufe. Katika barabara ya Busia kwenda Tororo hakuna kitufe cha namna hiyo. Kijana aliyezoea kupunguza mwendo kabla ya kona atakuwa amejifunza jambo litakalomfaa pote pawili. Mwenda pole hajikwai.