Je, Wajua? Hodi kwa Mhariri

Je, wajua kwamba washairi wa Kiswahili walikuwa wakimpigia hodi mhariri ndani ya shairi lenyewe? Fungua ukurasa wa mashairi wa gazeti la zamani. Ubeti wa kwanza unamsalimu mhariri, unaomba nafasi, na mara nyingi unamsihi asilitupe shairi kapuni. Ndipo hoja ianze, na mwishoni mtunzi apige kaditama na kutaja jina lake na anakotoka. Majarida ya fasihi ya leo yanataka hodi hiyo iwe barua ya pembeni, tena fupi: jina lako, jina la kazi, idadi ya maneno, na ulikowahi kuchapishwa kama kupo. Usieleze humo hadithi yako inafundisha nini. Mwachie mhariri aigundue mwenyewe.

Je, wajua kwamba mashairi ya Shaaban Robert yalitoka katika Mambo Leo miaka ya 1930, kabla vitabu vyake havijachapwa? Gazeti hilo lilianzishwa na serikali ya kikoloni Tanganyika mwaka 1923. Naye Muhammed Said Abdulla alifika kwa wasomaji kupitia shindano: Mzimu wa Watu wa Kale uliibuka mshindi wa shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, ukachapwa 1960.

Lakini ofisi hiyo hiyo ya Literature Bureau haikumfungulia kila mtu mlango. Mwandishi Grace Ogot alisimulia kwamba alipompelekea meneja wa ofisi hiyo hadithi alizoandika, bwana yule hakuelewa mwanamke Mkristo anawezaje kuandika habari za kafara na dawa za kienyeji. Mwaka 1963 jarida la Black Orpheus, lililokuwa likitoka Ibadan, Nigeria, lilichapa hadithi yake ya binti anayetolewa kafara ziwani ili mvua inyeshe. Mwaka uliofuata akaingia Transition, jarida ambalo Rajat Neogy alilianzisha Kampala mwaka 1961. Kisa hiki nakipenda kuliko vyote vilivyo hapa, maana kilichomkera msomaji mmoja ndicho kilichomvutia mwingine. Kama angeyachukua maneno ya meneja kuwa hukumu, tungekosa mmoja wa wasimulizi wakubwa wa ukanda huu.

Je, wajua kwamba hadithi uliyoibandika Facebook huenda ikahesabiwa kuwa imekwisha kuchapishwa? Majarida mengi hununua au huomba haki ya kuitoa kazi kwa mara ya kwanza, na mara ya kwanza haiji mara mbili. Soma masharti kabla ya kutuma. Majarida mengine yanakuruhusu kutuma hadithi moja kwa majarida kadhaa kwa wakati mmoja, kwa sharti kwamba ikipokelewa pengine uwaarifu wote siku hiyo hiyo. Mengine hayataki kabisa. Na pale kazi zinaposomwa bila majina ya watunzi, jina lako likionekana hata juu ya ukurasa mmoja, kazi inaweza kuwekwa kando kabla sentensi ya kwanza haijasomwa. Inauma kuona hadithi nzuri ikianguka kwa kosa la namna hiyo.

Je, wajua kwamba Binyavanga Wainaina nusura akwamie mlangoni? Hadithi yake ilikuwa imetoka kwenye jarida la intaneti. Kama alivyosimulia mwenyewe, waandaaji wa Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Afrika walimjibu kwanza kwamba hawapokei kazi za intaneti. Akawaandikia kwa hasira: majarida ya karatasi ya kuchapa hadithi Afrika yako wapi? Mwaka 2002 tuzo ikawa yake. Mwaka 2003 yeye na wenzake wakaanzisha jarida la Kwani? jijini Nairobi, na mwaka huo huo Yvonne Adhiambo Owuor akaitwaa tuzo hiyo kwa hadithi iliyotoka katika Kwani? Swali lake kwa waandaaji, Binyavanga alilijibu kwa mikono yake.

Wasafiri ni jarida la Uingereza, lilianza 1984, na jina lake ni neno letu kabisa. Abdulrazak Gurnah amekuwa mhariri mchangiaji wake tangu 1987. Hadithi ya Makena Onjerika iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2018 ilitoka humo.

Je, wajua kwamba Ruth Lilly wa Marekani alilitumia jarida la Poetry la Chicago mashairi yake, yakakataliwa, na bado mwaka 2002 alilipatia jarida hilo zawadi ya takriban dola milioni 100?

Je, wajua kwamba Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola imekuwa ikipokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili? Kushiriki hakuna ada. Hadithi huwa kati ya maneno 2,000 na 5,000, na iwe haijachapishwa. Kwa miswada mirefu iko tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo sasa ni Safal-Cornell. Nawasihi wenye miswada ya Kiswahili mvunguni mwa kitanda waitoe.

Na je, wajua hadithi ya kwanza ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilivyozaliwa? Alikuwa mwanafunzi wa Makerere, na Penpoint lilikuwa jarida la idara ya Kiingereza. Siku moja alimsimamisha Jonathan Kariara, aliyekuwa mmoja wa wahariri wa jarida hilo, akamwambia ameandika hadithi fupi, je, angependa kuiona? Kariara akakubali. Hapakuwa na hadithi yoyote. Ikambidi Ngũgĩ akaiandike, na mwaka 1960 Penpoint likaichapa.